Marehemu Mwenye Njaa

Bakuli lilikuwa tupu tena. Y Hyưn alilipindua juu ya kaburi la mumewe, akalikung'uta. Haikudondoka hata punje ya wali.

"Si unaona?" mama mkwe wake, Yă Blon, alimwambia aliporudi nyumbani. "Mwanangu bado anakula. Utamwachaje mtu anayekula?"

Mpaka sherehe ya kuliacha kaburi ifanyike, Y Hyưn alibaki mke wa marehemu: apeleke chakula kila asubuhi, asicheze ngoma, asiolewe. Na A Thuih alikuwa akimngoja.

A Thuih alikuwa mchongaji. Kwa haraka ya kuoa, alishaanza kuchonga sanamu za sherehe, akishinda huko huko makaburini.

"Ni yule bibi!" alifoka. "Anakula yeye ili akubane. Machipukizi ya mianzi laini vile, yameungwa yakaungika, yanaishia tumboni mwa kizee!"

"Chunga mdomo. Yule ni mama yangu."

Lakini maneno yalimwingia Y Hyưn. Kesho yake, bila kumwambia mtu, alitwanga kiganja kizima cha pilipili kichaa, akazifukia katikati ya wali. Bakuli likarudi tupu.

Jioni ile aliwaomba wazee wakutane kwenye nyumba kuu ya kijiji. Mtungi wa pombe ya mchele ulifunguliwa, mrija ukaanza kuzunguka. Kuukataa ni kuwatukana wote waliokaa.

Y Hyưn alimkazia macho mama mkwe, akingoja pombe imchome. Yă Blon alivuta taratibu, akalamba midomo, akavuta tena.

"Tamu," alisema. "Mbona unanitazama hivyo, mwanangu? Nimeota pembe?"

Y Hyưn akashusha macho. Kumbe kweli mumewe hajashiba. Atazeeka akimpikia.

Bibi akamsogezea A Thuih mrija. "Haya, fundi. Zamu yako."

A Thuih akatikisa kichwa. Nyumba nzima ikamgeukia.

"Wee! Vuta!" wazee wakamkemea.

Akaugusisha mrija mdomoni, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Machozi yalimtiririka, yakapita juu ya midomo iliyovimba kama ndizi mbivu.

Yă Blon alimtazama, akamtazama mkwewe, kisha akawageukia wazee.

"Pangeni siku ya sherehe. Mwanangu alishashiba siku nyingi. Na huyu muozesheni upesi, kabla njaa haijamuua."