Shati la Bluu

Mokami alikuwa anamfungia mumewe mzigo. Alfajiri angewaswaga ng'ombe kutoka Susuni hadi kwa kaka yake aliyeishi Nyansurura, safari ndefu ya porini, na mvua zilikuwa zimechachamaa. Akaweka turubai na buti za mvua.

Aliposhika mavi makavu ya ng'ombe, yale ya kufukizia mbung'o, mumewe akamzuia.

"Hayo yaache, mama watoto. Mzigo utakuwa mzito."

"Na mbung'o?"

"Nimewazoea."

Nani aliwahi kuwazoea mbung'o? Mokami akazamisha mkono ndani ya begi, ukagusa kitambaa laini. Akakivuta. Shati jipya la bluu, limepigwa pasi mpaka kola imesimama.

Mbung'o wanapenda bluu kuliko damu yenyewe. Mumewe ndiye aliyemfundisha hivyo: mwenye kupita porini havai bluu.

"Hili la nini?"

"La kubadilisha nikilowa."

Nje, ng'ombe wa safari hiyo, wale wa mahari ya binti yao, walikuwa wakicheua zizini. Mokami akalikunjua shati, akampa.

"Livae, baba watoto," alisema, akivuta buti zake uvunguni. "Tunakwenda wote. Na tunapita porini."