Nyuzi za Baba

Hafsa alikuwa ameshafungua kinywa amwambie baba yake kwamba amechagua unesi, si muziki.

Mwaka ule madukani Tanga hata sabuni ilikuwa haionekani, seuze nyuzi za fidla. Zake Hafsa zilipokatika, alishukuru kimoyomoyo kwamba amepata sababu ya kuacha kupiga.

Sasa alimkuta baba ameipakata fidla yake mwenyewe, aliyoipigia taarabu tangu ujana, anazifungua nyuzi mojamoja. Zilikuwa zimechakaa pale vidole vyake vilipozoea kukaa.

"Baba, na wewe utapigia nini?"

"Mimi basi, mwanangu. Tangu leo mpigaji ni wewe. Lete yako."

Akazifunga, akazikaza taratibu, akamrudishia huku machozi yakimlengalenga.

"Haya, ulitaka kuniambia nini?"

Hafsa akaiweka fidla begani.

"Nilitaka kukushukuru, baba."