Kibali cha Kufukua

Koleo liligusa plastiki, na Mzee Lakhamshi akapaza sauti: "Taratibu! Huyo ni mke wangu."

Wachimbaji waliweka makoleo kando, wakaendelea kwa mikono. Mkewe, Daksha, alifariki hospitalini Malindi wakati wa korona. Lakhamshi aliomba achomwe kwa desturi ya Kihindu. Afisa wa afya alikataa: sheria ya dharura ilitaka azikwe upesi, kwenye makaburi ya umma, bila kuguswa. Hata uso wake hakuruhusiwa kuuona.

Siku hiyo hiyo ya maziko, kaburi la pili lilikuwa la Bi Mwanatumu, Mwislamu. Alizikwa bila kuoshwa, bila sanda. Mwanawe, Haroun, alisimama nje ya ua pamoja na Lakhamshi, wakitazama watu waliovaa mavazi meupe wakishusha mifuko miwili. Walipiga kelele hadi sauti zikawakauka. Hakuna aliyegeuka.

Tangu hapo waliandamana ofisi kwa ofisi. Lakhamshi alitaka kumchoma mkewe; Haroun alitaka kumhamishia mamake kwenye makaburi ya Waislamu. Kibali cha Lakhamshi kilitoka kwanza, kwa sharti kwamba mfuko usifunguliwe.

Pale pa kuchomea, alimkuta Haroun ametangulia kufika.

"Shikamoo, mzee. Kuni nimeshapanga."

"Marahaba, mwanangu. Dini yako haikukatazi?"

"Sikuja kuabudu. Nimekuja usiwe peke yako."

Moto uliwaka asubuhi nzima. Kesho yake, kwenye mlango wa Mto Sabaki, Haroun alimshika mzee kiunoni mawimbi yasimwangushe, na majivu yakaenda na maji. Lakhamshi alilia, kisha akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Sasa imebaki zamu yako," alisema.

Kibali cha Haroun kilipotoka, masharti ya korona yalikuwa yameshaondolewa. Mfuko uliruhusiwa kufunguliwa. Haroun alikuja na sanda na karafuu maiti, pamoja na dadake, Swabra, ambaye ndiye angemshughulikia mama yao. Mfuko ulipotolewa, Swabra na wanawake aliokuja nao waliuzungushia shuka. Lakhamshi alisimama kando na Haroun, akageuza uso kwa heshima.

Walisikia zipu ikifunguka.

"Haroun," Swabra aliita kutoka nyuma ya shuka. "Kwani mama alikuwa na sari?"