Kitufe Kilichogoma

Kwenye kibanda cha gemu cha Mwanaidi kulikuwa na desturi moja: mchezaji akisema kitufe cha padi yake ya kuchezea kimegoma, bao linafutwa na mechi inarudiwa. Hakuna anayemdai shahidi.

Mchana ule kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha Sikudhani, binti aliyezoea kuwafunga wote, ambaye sasa alikuwa amesema wazi kwamba Shomvi, bingwa wao, alimbaka.

"Ni wivu tu. Si Shomvi alimtoa fainali?" alisema mmoja wa vijana waliokuwa wakicheza.

"Na mbona hakupiga kelele?" mwingine akadakia.

"Alete ushahidi, bwana," alisema Kibwana, macho kwenye runinga. "Mtu haharibiwi jina hivi hivi."

Mwanaidi alivuta pumzi. Alikuwa amewajibu juzi, akawajibu na jana, na maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Mara Kibwana akafungwa bao. Akainua padi juu. "Dada, kitufe kimegoma!"

"Rudieni, rudieni!" wote wakaitikia, hata yule aliyemfunga.

Mwanaidi akaichukua ile padi, akabonyeza. Kitufe kilikuwa kizima.

"Nani amekiona kikigoma?"

Wakaangua kicheko. "Ah, dada naye! Mtu akisema, si amesema?"

Mwanaidi hakucheka. Alikwenda kuketi kwenye kiti cha Sikudhani, padi mapajani, akawatazama mmoja mmoja mpaka kicheko kikawakauka. Kwenye runinga, wachezaji walikuwa bado wamesimama uwanjani, wakingoja.