Pembe ya Shuka

Katika chumba cha hoteli, binti alilinyanyua godoro kwa goti, akaikunja pembe ya shuka kama bahasha, akaipapasa mpaka ikanyooka. Mama yake, aliyetandika vitanda vya hoteli hiyo kwa miaka kumi na tisa, alikuwa ameitwa kumpima. Chuo binti alikimaliza mwaka juzi, na wilaya nzima ajira ni hoteli tu.

Msimamizi alimvuta mama nje, kwenye korido. "Maji hufuata mkondo! Haya mama, anafaa? Usimpendelee kwa kuwa umemzaa."

"Nafasi ziko ngapi?"

"Moja. Watalii wamepungua, unajua mwenyewe. Anaingia mmoja, anatoka mmoja."

"Anatoka nani?"

Msimamizi alivitazama vidole vya mama, vilivyopindwa na baridi yabisi, kisha akainamisha macho sakafuni.

Mama alirudi chumbani. Alipitisha kiganja juu ya shuka taratibu, kutoka kwenye mito hadi miguuni, akitafuta mkunjo. Hakuupata hata mmoja.

"Anafaa," alisema.

Binti aliruka, akamkumbatia. "Basi mama, kuanzia kesho tunatoka nyumbani pamoja. Tukiwa wawili, nani atatuweza?"