Chiriku Kwenye Jukwaa la Tembo

Enzi wanyama walipokuwa wakirekodi nyimbo, Nungunungu aliendesha lebo ndogo ya muziki shimoni mwake: Chura ngoma, Nyenje zeze, Chiriku sauti. Tembo, mwenye lebo kubwa, akamtaka Chiriku peke yake.

“Hao wengine wa nini? Wimbo ni wewe!”

Chiriku akavimba kichwa, akahama.

Siku ya tamasha la Tembo alipanda jukwaani, akabaki kimya. Alizoea kuanza baada ya pigo la Chura. Umati ukazomea. Nungunungu, aliyesimama nyuma kabisa ya umati na Chura na Nyenje, vyombo mikononi, akashindwa kuvumilia.

“Chura, mpigie ngoma.”

“Si alitutupa?”

“Mpigie! Ni wetu.”

Ngoma ikalia, zeze likafuata, na Chiriku akaruka kuwafuata wenzake huku akiimba. Umati mzima ukageuka, ukampa Tembo mgongo.

“Rudi hapa!” Tembo akafoka.

“Mzee, ulichukua mdomo tu,” Nungunungu akamjibu. “Wimbo ulibaki huku.”