Beji Isiyobanduka

Beji ilikuwa na alama za meno. Zilizunguka ukingo wote, na mahali pengine kitambaa kilikuwa kimetafunwa hadi nyuzi za bawa la kipanga zikafumuka. Lakini haikubanduka. Mama fundi alimwonyesha hilo kila aliyeingia kibandani kwake, hata aliyeleta suruali ya kupunguza urefu tu.

"Walijaribu mpaka kwa meno," alikuwa akisema, akipitisha kidole kwenye mkono wa shati, chini kidogo ya bega. "Mwanangu wamemuua, lakini kikosi chake hawakumvua."

Wateja walitikisa vichwa, wengine wakafuta machozi. Jirani yake, muuza vitambaa, aliisikia habari hiyo mara nyingi hata akaweza kuisimulia mwenyewe, tena akitia chumvi.

Shati lilirudi miezi minne iliyopita ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na mkanda na kiatu kimoja. Walitekwa wanne, wote wa kikosi cha Kipanga, wadunguaji wanaopiga kutoka mbali. Watatu walirudi hai baada ya pande mbili kubadilishana mateka. Aliyeuawa ni mmoja tu, kitinda mimba wake. Kwa nini yeye, jeshini hakuna aliyemjibu, basi akajijibu mwenyewe kwamba kijana alikataa kuikana beji yake. Jibu hilo lilimwezesha kuamka asubuhi na kukaa kwenye cherehani.

Beji yenyewe aliishona yeye. Kijana alikuja likizo nayo imebandikwa kwa kile kitambaa cha kunata, kinacholia krrr ukikivuta, mama akaona aibu. Jeshi zima, na beji inabandikwa kama karatasi ya bei dukani! Kijana alimweleza kwamba iko hivyo makusudi, itoke upesi ikihitajika. Mama akaelewa ni kwa ajili ya kufua. Siku ya kuondoka, kijana alipokwenda kunyoa, alilichukua lile shati akaishona beji kwa uzi wa viatu, mizunguko mitatu, na kila kona akapiga fundo. Kijana aliporudi, gari la kambini lilikuwa limeshapiga honi mara mbili. Aliivuta beji kwa kucha, akamtazama mama yake, akacheka.

"Mama, hii hata wewe mwenyewe huwezi kuitoa."

Mama alilichukua neno hilo kama sifa, na mpaka leo lilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa.

Habari ya beji iliyowashinda maadui ilifika kambini. Vijana wapya wa Kipanga wakaanza kumletea mashati yao kimyakimya, mmoja mmoja, kila mmoja akitaka mshono uleule. Kumi na manane yalikuwa yananing'inia kwenye kamba, yamepigwa pasi. Wenyewe walikuwa wanaondoka Jumatatu.

Jumamosi alikuja Twiga. Mama alimfahamu kwa urefu wake tu, kwa sababu mwili ulikuwa umekwisha. Alikuwa rafiki wa mwanawe, na mmoja wa wale watatu. Ndiyo kwanza ameruhusiwa kutoka hospitali. Aliamkia huku ameziba mdomo kwa kiganja, na alipokaa mama aliona meno mawili ya mbele hayapo. Akawalaani waliompiga kijana wa watu namna ile. Twiga akatazama sakafu.

Mama alimtandazia shati mapajani. Kwa miezi minne alikuwa akimngoja mtu mmoja tu aliyekuwepo, amwambie kwa kinywa chake. Twiga aliiona beji, akaondoa mikono yake kana kwamba shati lina moto.

"Niambie tu, mwanangu. Alikufa kiume?"

Twiga alisema ndiyo. Alisema rafiki yake hakulia wala hakuomba, na kwamba neno lake la mwisho lilikuwa kuwaambia wenzake wanyamaze. Mama alilia kwa sauti, akamshukuru, akamshika mikono yote miwili. Alikuwa amepata alichokitaka, na Twiga akainuka kwenda zake.

Kwa urefu wake, kichwa kiligonga kamba ya mashati. Alishika moja ili asiliangushe, kidole chake kikagusa fundo. Akagusa la pili. Akauliza haya ni ya nani. Mama, akijifuta machozi, alimweleza kwa fahari yote: wadogo zenu, uzi uleule, mizunguko mitatu.

Twiga alirudi kukaa. Alichukua wembe mezani, akavuta shati la kwanza, akaanza kufumua.

Mama alidhani ameona beji imekaa upande. Lakini beji ilianguka chini, naye akavuta la pili. Ndipo mama alipomrukia na kumshika mkono, akimuuliza yeye ni nani hata aje kufumua heshima ya marehemu mbele ya macho yake. Jirani alitokea mlangoni. Twiga aliendelea kukata uzi, na safari hii hakuziba mdomo.

"Mama, wale watu mdunguaji hawamchukui mateka. Mpishi wanamchukua. Tulikuwa ndani ya lori, mikono imefungwa nyuma. Sisi watatu tulibandua zetu kwa meno, tukazitema njiani, tukasema ni wapishi."

Alilivuta lile shati la zamani, akalielekeza kwenye mwanga.

"Huku mbele ni meno yake. Huku nyuma ni yangu, mpaka yakang'oka."